Magari Mawili ya Mjomba

Sehemu ya Tisa

Mlionipigia simu wiki nzima kunigombeza kwamba nimemwacha mwanamke wa watu amelala chali chini ya gari, viatu vya mwanamume vimemsimamia kichwani, haya basi, tumefika. Tumtoe.

Viatu vilikuwa vya kahawia, vimepigwa rangi vikang'aa, na havikuwa na haraka ya kuondoka.

Mama Pacha alibana pumzi. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umezama ndani ya madigadi ya lile gari jekundu la zamani, na kidole chake kilikuwa bado kimegusa kitu ambacho hakikutakiwa kuwapo pale. Alama ya gumba, imekandamizwa kwenye puti, ile rojo ambayo mafundi bodi hujazia mabati yaliyobonyea. Gumba lenye kovu katikati, la kukatwa na mashine ya kusagia chuma. Dunia nzima alimjua mtu mmoja tu mwenye gumba lile, na huyo huyo ndiye aliyekuwa na tabia ya kulikandamiza mahali pasipoonekana kila alipomaliza kazi.

Mtu huyo alikuwa mumewe. Aliaga asubuhi moja kwamba anakwenda kununua msasa, hakurudi, na mwaka ulikuwa umepita na zaidi. Ndugu wote walishamwambia Mama Pacha amhesabu marehemu, ajipange na watoto wake.

Na puti ile ilikuwa bado mbichi.

"Umeona nini huko chini, mpwa wangu?" sauti iliuliza kutoka juu.

Alikuwa Mjomba, mwenye yadi. Kila mtu alimwita Mjomba, ingawa hakuna aliyewahi kumwona dada yake hata mmoja.

"Kutu," Mama Pacha akajibu. "Kutu ya uzee tu, Mjomba. Gari la umri huu likikosa kutu ndipo uogope."

Alishangaa jinsi sauti ilivyotoka sawasawa.

"Basi toka huko. Mteja wako anakuulizia."

Akatoka kwa kujiburuta mgongo, akasimama, akajikung'uta vumbi ambalo hakulijali. Mjomba alimtazama usoni kwa upole, akatoa leso mfukoni, akampa ajifute mafuta shavuni. Leso ilikuwa safi na ilinukia sabuni. Mama Pacha alijifuta, akamrudishia.

Magari mawili yalikuwa yameegeshwa ubavu kwa ubavu mbele ya ukuta mrefu wa karakana, wenye mlango mmoja wa bati. Jekundu lilikuwa la enzi za kaseti, boneti ndefu, milango miwili mizito, taa za mbele zinazojificha na kuchomoza ukibonyeza swichi. Kijivu lilikuwa la juzi juzi, nalo la milango miwili, linawashwa kwa kitufe, na ukilikaribia linakuwashia taa kabla hujaligusa.

Katikati ya magari hayo alikuwa anazunguka Daktari, yule mama daktari wa meno mliyemjua wiki mbili zilizopita, akiyashika shika kama anachagua kitambaa cha nguo. Alijiahidi gari la spoti tangu akiwa chuoni. Baadaye akasomesha wadogo zake, akajenga, akauguza, akasahau. Mwaka huu amekumbuka, na hakutaka kuibiwa. Aliuliza huku na huku ni nani anakagua magari bila kula na muuzaji, kila mtu akamtajia mwanamke mmoja.

"Mama Pacha, usinifiche kitu," alisema Daktari. "Moyo unataka jekundu, akili inataka kijivu. Nani ana haki?"

Mjomba akasogea hatua moja, akafumbata mikono nyuma, akasikiliza.

"Jekundu utaisikia barabara mikononi," Mama Pacha akaanza. Kazi ilimsaidia kidogo. Akizungumzia magari ulimi ulikuwa unajiendea wenyewe. "Usukani mzito, klachi nzito, hakuna kompyuta ya kukukosoa. Ukipatia umepatia mwenyewe, ukikosea umekosea mwenyewe. Kijivu linakulea. Ukiteleza linashika breki kabla hujamaliza kupiga ukelele. Tena lina mito ya hewa kila upande, ukigonga inakudaka. Jekundu mto wake ni kifua chako."

"Kifua changu si haba," Daktari akasema, akacheka mpaka akashika kiuno.

Mama Pacha naye alicheka, kwa mdomo tu.

"Lakini sauti je? Lile jekundu likiwashwa mimi nasisimka mwili mzima."

"Sauti linayo. Kijivu nalo lina nguvu maradufu ila limefungwa mdomo. Tofauti ni kwamba kijivu likiharibika utahitaji mtu wa kompyuta. Jekundu likiharibika, mtu mwenye spana na akili timamu anatosha."

"Ngoja nikae tena kwenye kijivu niulize moyo," Daktari alisema. Akaingia, akavuta mlango, ukajifunga kwa sauti ndogo. Muziki ukawashwa humo ndani, lakini nje ulisikika kwa mbali mno. Ndivyo magari ya siku hizi yalivyo, ukifunga mlango dunia nzima inanyamaza.

Wakabaki wawili.

Mama Pacha alijisemea moyoni: maliza kazi, chukua begi lako, toka nje ya geti hili, halafu ndipo ufikiri. Usimtazame. Usiutazame ule mlango wa bati kwenye ukuta. Akaenda nyuma ya gari jekundu, akainama kwenye kona ya buti, akagonga bati kwa kifundo cha kidole, ko-ko-ko, asikilize palipojazwa puti.

Hapo ndipo alipokosea.

Kwanza niwaeleze. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja, yeye alikuwa anakaa nje ya gari na mumewe anaingia ndani. Yeye anagonga mara tatu mahali palipobonyea, mume kwa ndani anajibu mara mbili, maana yake nimepapata, toa mkono nipige nyundo. Walifanya hivyo hata wakiwa wamenuniana. Kuna siku walishinda hawasemezani kwa sababu ya mambo ya shemeji, lakini kazi ikaenda, ko-ko-ko kwa nje, ko-ko kwa ndani. Mkono wa Mama Pacha ulikuwa umeshazoea hivyo, ukagonga kabla yeye hajaukataza.

Na nyuma ya ukuta, kitu kikajibu. Ko-ko.

Kidole cha Mama Pacha kilibaki juu ya bati. Mwenzake wa ukutani naye bila shaka aliganda pale pale, maana hakikufuata kingine.

"Panya," Mama Pacha alisema haraka, kabla hajaulizwa.

"Panya wa kwangu hawaitiki, mpwa wangu," Mjomba akasema.

Hakupandisha sauti. Hakumshika mkono, wala hakumzibia njia. Alitazama gari la kijivu, akampungia Daktari, na Daktari akiwa nyuma ya kioo akampungia naye huku akitikisa kichwa kwa muziki.

"Nenda kamsalimie," Mjomba akasema. "Nimekuona toka ulipotia mkono kwenye madigadi. Nenda tu. Mlango hauna kufuli."

Kweli haukuwa na kufuli. Haukuwa hata na komeo, ulikuwa umeshikwa kwa kipande cha waya. Mama Pacha aliufungua, akausukuma.

Ndani palinuka chuma kilichoungua. Nusu ya gari ilikuwa juu ya magogo, nusu nyingine imeegemezwa ukutani. Na katikati, ameinua barakoa ya kuchomelea hadi juu ya paji la uso, amekonda, ndevu zimeingia mvi, alikuwa amesimama Baba Pacha.

"Usinikumbatie," alisema. "Anatazama."

"Uko hai."

"Nipo."

"Upo!" Mama Pacha akasema, kwa hasira na furaha pamoja. "Mwaka mzima upo! Nimelia mpaka nimekauka, watoto wameacha kuniuliza, na wewe upo hapa, kwenye mlango wa waya! Umeshindwa kukunjua waya, Baba Pacha?"

Baba Pacha alimtazama Mjomba aliyekuwa ameshaingia nyuma yao, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyezoea kuogopa kila siku.

"Kufuli langu hili hapa," Mjomba akasema, akatoa simu.

Akamwonyesha. Ilikuwa picha ya geti la shule. Pacha wawili, wasichana, mmoja amechutama anamfunga mwenzake kamba za kiatu. Mama Pacha alitaka kujidanganya kwamba ni ya zamani. Lakini sweta la yule aliyesimama lilikuwa na kifungo kilichoshonwa kwa uzi wa kijani, na kifungo kile alikishona mwenyewe leo asubuhi, mbio mbio, kwa sababu uzi wa buluu ulikuwa umekwisha.

Mama Pacha akashika ukingo wa ile nusu gari.

"Kila wiki ananionyesha," Baba Pacha alisema kwa sauti ya chini. "Aliniita kwa kazi ya siku moja, na siku hiyo ya kwanza nilitoka. Nilifika mpaka getini. Akanipigia kelele nirudi nitazame simu. Tangu siku hiyo sijatoka tena. Nilisema, ukidhani nimekufa hutanitafuta, na usiponitafuta mtakuwa salama."

"Watoto wazuri," Mjomba akasema. "Mimi sina ugomvi na watoto. Sina ugomvi hata na nyinyi. Tusikilizane tu."

"Unataka nini?" Mama Pacha akauliza.

"Lile jekundu limekaa sana hapa yadini. Wanakuja, wanalipenda, halafu wanakuja na mtu wa kulichungulia, wanaondoka. Leo mteja amekuja na wewe. Yule mama akikusikia wewe, hamsikii mwingine. Mwambie ni zima."

"Mama Pacha," mumewe akasema, "lile si gari moja. Ni mawili. Mbele ya gari moja lililogongwa nyuma, nyuma ya gari jingine lililogonga mbele. Nimeliunga mimi."

"Najua. Nimeuona mshono chini ya zulia la buti."

"Basi unajua vizuri zaidi," Mjomba akasema. "Mwambie ni zima, na leo hii mumeo anakula chakula kwako nyumbani. Nakuachia. Nimeshapata fundi mwingine. Ukimwambia vingine..." Akaitazama simu yake, akakizima kioo, akairudisha mfukoni. "Shule inafungwa saa ngapi vile?"

Wasomaji, msimhukumu bado. Mama Pacha hakuwa mwongo. Mwanamke huyu aliwahi kukosana na kaka yake wa tumbo moja kwa kukataa kuusifia mkweche wake mbele ya mnunuzi. Lakini hofu ikishakaa kifuani, kichwa kinaanza kupiga hesabu za ajabu. Alifikiri hivi: hakuna mtu anayenunua gari akaondoka nalo siku hiyo hiyo. Kuna bima, kuna kubadilisha jina la mwenye gari, kuna shoga wa kuombwa ushauri, kuna usiku wa kulilalia wazo. Mteja wa gari ni wa siku kadhaa, hiyo ndiyo kazi yake na anaijua. Atasema uongo sasa. Atamchukua mumewe, atawapitia watoto shuleni, wataingia kwa dada yake kule mbali ambako Mjomba hakujui. Halafu atampigia simu Daktari na kumwambia: usiguse lile gari, nisamehe, nilikuwa nimeshikiwa wanangu.

Uongo wa saa chache. Nani atakufa kwa uongo wa saa chache?

"Sawa," akasema.

"Mama Pacha, subiri," mumewe akaanza.

"Wewe rudi kazini," Mjomba akamkata, akamshika Mama Pacha bega kwa upole, akamtoa nje.

Daktari alikuwa ameshatoka kwenye kijivu. Alikuwa ameegemea jekundu, kiganja chake juu ya paa, na uso wake ulikuwa wa msichana wa chuo.

"Nimeuliza moyo," alisema. "Moyo umekataa kijivu. Lakini neno la mwisho ni lako, mdogo wangu. Wewe ukisema hapana, naondoka na kijivu na sitanuna. Lipi?"

Mama Pacha aliuona ule mkono juu ya paa. Mkono mdogo, kucha zimekatwa fupi, wa mtu anayeshinda akiwaambia watu wasiogope. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyuma yake alimsikia Mjomba akipumua.

"Jekundu," akasema.

"Ni zima? Kweli?"

"Ni zima."

Neno lilitoka jepesi, na wepesi huo ndio uliomtisha.

Daktari alipiga kigelegele yadi nzima ikasikia. Akamkumbatia Mama Pacha, akamwacha, akamkumbatia tena. "Nilijua! Mungu akubariki! Nilijua!"

"Sasa utakwenda nyumbani utulie," Mama Pacha akasema haraka, "ulale, kesho ukiamka..."

"Nilale nini? Nimelala miaka yote hiyo!" Daktari alimgeukia Mjomba, akanyoosha kiganja. "Mjomba, naweza kulizungusha sasa hivi?"

"Ni lako hilo, Daktari," Mjomba akasema, na funguo zikaruka hewani. "Lifikishe barabara kuu. Lile halipendi kutembezwa kama gari la mizigo, likanyage kidogo."

"Ngoja!" Mama Pacha alisikia sauti yake ikipasuka. "Daktari, matairi ya nyuma sijapima upepo!"

Mjomba akatia mkono mfukoni, palipokuwa na simu. Mama Pacha akafunga mdomo.

"Upepo nitajaza njiani!" Daktari alikuwa ameshaingia, ameshavuta mlango, taa za mbele zimeshachomoza. "Nampitia mama yangu. Namwahidi tangu nikiwa chuoni kwamba nitampakia kwenye gari la kukimbia, na sasa hana hata meno ya kuchekea. Leo atacheka hivyo hivyo!"

Gari liliunguruma. Lilikuwa na sauti nzuri kweli, hilo hakuna wa kulikana. Likatoka getini kwa mwendo wa maringo, likakata kushoto, na likaenda.

Mlango wa bati ukafunguliwa kwa kishindo, Baba Pacha akatoka mbio, barakoa ingali juu ya kichwa. Aliangalia pale palipokuwa gari jekundu. Palikuwa na doa la mafuta tu.

"Nani kaliwasha?" akauliza. "Nani kaliondoa lile?"

"Daktari," Mama Pacha akasema. "Amekwenda kulijaribu. Nitampigia, Baba Pacha, usijali, nitampigia tukishatoka hapa, nitamwambia kila kitu..."

"Halijakwisha!"

"Nini hakijakwisha?"

"Kuunga upya! Mshono wa zamani waliokuwa wanauona nimeukata. Upande wa kulia nimechomelea wote. Upande wa kushoto sijachomelea. Nimelishika kwa nukta nukta tu lisianguke. Nikamwambia huyu bwana nipe siku mbili, akasema mteja anakuja leo, lipake puti lionekane zima, utaibandua umalizie baadaye. Nilitaka kukwambia mle ndani, akanikata!" Alikuwa amemshika mkewe mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza Mama Pacha akalihisi gumba lile lenye kovu, la moto, likimkandamiza kwenye ngozi. "Kwa mwendo wa mtaani linaweza kuvumilia. Akifika barabara kuu akalikanyaga, akakata kona moja tu, litaachia katikati. Atakatika na gari."

Mama Pacha alimgeukia Mjomba.

Uso wa Mjomba ulikuwa umebadilika kidogo, lakini haukuwa uso wa majuto. Alikuwa anafikiri.

"Mimi sikumwambia ni zima," akasema taratibu. "Mimi ni muuzaji, muuzaji husifia chake. Aliyeulizwa ni wewe, mpwa wangu. Na yadi nzima imesikia ulivyojibu."

Mama Pacha alikuwa ameshatoa simu yake, vidole vinateleza kwenye kioo kwa jasho, akakosea, akafuta, akakosea tena, mwishowe akaipata namba ya Daktari. Akaibana sikioni kwa mikono miwili.

Ikaita. Asante Mungu, inaita.

Halafu akasikia sauti nyingine, ndogo, kama inatoka chini ya mto. Baba Pacha naye aliisikia, akageuza shingo. Ilikuwa inatoka ndani ya lile gari la kijivu lililofungwa vioo. Mama Pacha akalikimbilia, akaweka paji la uso kwenye kioo, akachungulia.

Pembeni ya usukani, kwenye waya wa chaja, simu ya Daktari ilikuwa inatetemeka. Gari jekundu halikuwa na pa kuchomeka chaja.

Kwenye kioo cha simu ile liliwaka jina ambalo Daktari alimwandikia fundi wake: Mama Pacha Mkweli.